Kuaga Ridhaa

Fomu ilikuwa karatasi moja tu.
Katibu wa klabu, mzee Kisamo, aliipuliza vumbi
akanionyesha kwa ukucha mahali pa kutia saini:
hapa unaacha ridhaa, hapa unaanza kulipwa.
Nikatia. Kalamu yake ikakwama kwenye herufi ya kwanza.

Nje, Moshi ilikuwa na ukungu wa Juni,
mlima umejifunika shuka hadi usoni
kama mgonjwa asiyetaka kuamkiwa.

Nyumbani Rau tuna kabati la ushindi:
pasi mbili, feni, vikombe vyenye dhahabu ukingoni,
na birika la umeme.
Mabirika yalikuwa matano,
maana wafadhili wa gofu hawana fikra nyingine.
Manne mama ameyatoa harusini.
Maharusi wa Kiborloni, wa Soweto, wa Majengo
wanachemsha chai kwa mikwaju yangu
wala hawajui shimo la saba liko wapi.

Mimi nalijua. Nililijua kabla sijaruhusiwa kulichezea.
Miaka sita nilibeba mifuko ya watu,
nikasoma upepo kwa niaba ya wasiousikia,
nikisema, "Kulia kidogo, bosi,"
naye akapiga kushoto, akanitazama mimi.
Fimbo yangu ya kwanza ilikuwa tawi la mpera;
mpira niliuokota mferejini,
una jeraha kama tabasamu.

Jioni nikamwambia mama.
Alikuwa anamenya ndizi mshale, vidole vyeusi kwa utomvu.
"Ridhaa," akasema, akilionja neno.
"Ridhaa si ndiyo niliyokupa mimi?
Na baba yako kabla hajafa, si alikupa?
Sasa unaiacha, unaiacha kwa nani?"
Nikamweleza: ni neno la michezo tu, mama,
maana yake nacheza kwa kupenda.
"Na sasa hupendi?"

Nikasugua fimbo namba saba
kwa kipande cha shati langu la shule.

Mwezi uliofuata, Arusha.
Kulipwa, kumbe, huanza kwa kulipa:
kiingilio, nauli, chumba Kaloleni chenye kitasa kibovu,
na kedi wangu Ndesario, aliyekula nusu sahani
akasema ameshiba.
Fedha ilitoka kwenye kikoba cha mama,
wanawake kumi na saba waliochanga
ili mtu apige mpira mdogo kisha aufuate.

Siku ya mwisho, shimo la mwisho,
futi tatu.
Futi tatu hizo hizo nimezivuka tangu utoto,
gizani, kwa sikio, nikisubiri ule mlio wa kikombe.
Zamani zilikuwa na thamani ya birika.
Sasa nikaona ndani ya shimo
uso wa mama Ndeshi, mweka hazina, na daftari lake,
nikaona Agosti, nikaona kodi.
Mikono, ambayo haijawahi kuuliza kitu,
ikauliza.

Mpira ukazunguka ukingo mzima
kama mgeni anayetafuta mlango,
ukakaa nje.

Bahasha ilikuwa nyembamba.
Nafasi ya kumi na nne; baada ya madeni ya njiani
zikabaki elfu kumi na mbili.
Hakuna makofi, hakuna picha.
Mtu alinisainisha kitabuni, mwingine nyuma yangu akakohoa.
Ndesario akasema, "Ilikuwa inavuta kushoto.
Niliona. Nikanyamaza."
Sikumlaumu. Nami zamani nilikuwa nasema,
na haikusaidia.

Nimefika nyumbani usiku, mama yuko macho.
Amezihesabu mara mbili,
akaziweka chini ya kitambaa cha meza.
Kisha: "Lile birika la mwisho limeungua.
Utaleta jingine lini?"

Viatu vyangu bado vina nyasi za Arusha.
Mama, nikasema, kwa sauti ya mtu anayekiri,
birika sasa
tutanunua.